Mgongo wa Mchukuzi: Kutoka Misafara ya Bagamoyo hadi Soko la Kariakoo

Bidhaa za Afrika Mashariki zilipita juu ya mabega, vichwa na migongo ya watu kabla ya kufika melini au sokoni, na nyingi bado hupita huko. Kiswahili kimehifadhi majina ya waliozibeba: mpagazi wa misafara, hamali wa Unguja na Mombasa, kuli wa bandarini, kibarua wa kutwa, mchukuzi, mbeba mizigo wa sokoni. Majina ni mengi kwa sababu masharti ya kazi yalikuwa mengi. Mzigo wa kilo 30 uliobebwa na mtu aliyeukagua mwenyewe, akapatana ujira na kupumzika jua lilipokuwa kali, haukuwa sawa na mzigo wa kilo 30 uliobebwa kwa kulazimishwa, kwa njaa, bila siku ya kutua. Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba uzito ni sehemu moja tu ya hatari inayokikabili kiuno cha mfanyakazi. Sehemu nyingine ni nani anapanga uzito huo, nani anaamua mwendo, na nani anabeba gharama mtu akiumia.

Kiuno kinavyobeba

Uhusiano wa kazi na maumivu ya mgongo ulitambuliwa mapema. Mwaka 1700, daktari Bernardino Ramazzini wa Modena, Italia, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi kilichogusa ufundi na kazi za aina nyingi, na wabeba mizigo wakapewa sura yao. Ramazzini aliwashauri madaktari wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Chanzo cha maumivu makali ya kiuno kilieleweka vizuri zaidi mwaka 1934, pale William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoeleza jinsi diski iliyopasuka inavyobana neva na kuleta siatika, yaani maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Sehemu ya chini ya uti wa mgongo ina pingili 5 kubwa. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye kiini laini cha majimaji kilichozungushiwa tabaka za nyuzi ngumu. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo ikichanika hupona polepole. Mtu anapoinama kuinua gunia, mwili wake hugeuka mzani: mzigo uko mbele, misuli ya mgongo inavuta nyuma. Tofauti ni kwamba mkono wa nyuma wa mzani huo ni mfupi mno. Misuli hushika kiasi cha sentimita 5 tu kutoka katikati ya diski. Gunia la kilo 50 lililo sentimita 40 mbele ya diski huilazimisha misuli kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe, na mkandamizo wote huo huishia kwenye diski. Gunia hilohilo likikaa begani au kichwani, karibu na mstari wa uti, hudai nguvu ndogo zaidi kwa mbali. Katika miaka ya 1960, Alf Nachemson wa Sweden alipima mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai na kuonyesha kwamba huongezeka sana mtu anapoinama mbele akiwa na mzigo mikononi.

Kwa hiyo hatari kubwa ya mchukuzi iko katika kuinua, kutua, kuinama na kujipinda, zaidi ya katika kutembea na mzigo uliokwisha kukaa sawa. Maumivu mengi ya kiuno hupoa baada ya siku au wiki kadhaa. Yanayohofiwa ni yale yanayoambatana na neva kubanwa: ganzi, mguu kulegea, na kwa wachache, kushindwa kuzuia mkojo au choo, hali ambayo ni dharura ya hospitali.

Wapagazi wa misafara

Katika karne ya 19, njia kuu ya biashara ya kati ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, umbali wa kiasi cha kilomita 800, na kuendelea hadi Ujiji. Ng'ombe, punda na farasi hawakudumu njiani kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine, basi pembe za ndovu ziliteremshwa pwani kwa mabega ya watu, na nguo, shanga na masango ya shaba yakapandishwa bara kwa njia hiyohiyo. Safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua miezi miwili hadi mitatu.

Wanyamwezi waliifanya kazi hii kuwa taaluma. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa alama ya utu uzima, na watoto walizoezwa mapema kwa kubebeshwa vipembe vidogo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, ingawa pembe kubwa zilizidi hapo. Mtumba, neno ambalo leo linakumbusha nguo zilizokwisha kuvaliwa, ulikuwa robota la nguo la mpagazi mmoja. Masango yalining'inizwa kwenye ncha mbili za mti uliolazwa begani, na mzigo ulioshinda mtu mmoja ulibebwa mzegamzega na watu wawili.

Ndani ya taaluma hiyo mlikuwa na maarifa mengi ya kulinda mwili. Watu wa pwani walipendelea kubeba kichwani juu ya ngata, Wanyamwezi begani. Mitumba yao ilifungwa kwa fito zenye panda, ili wakati wa kupumzika mzigo uegemezwe mtini ukiwa umesimama badala ya kulazwa chini. Mpagazi alipotaka kuendelea aliuingiza bega na kuondoka, bila kuinama hadi ardhini. Kwa namna hiyo aliikwepa mara nyingi kwa siku ile hatua ambayo elimu ya leo inaihesabu kuwa mbaya kuliko zote kwa kiuno. Safari za siku zilianza alfajiri na kwa kawaida ziliisha kabla ya jua kali. Terekeza, mwendo wa mchana hadi usiku, uliwekwa kwa ajili ya nyika zisizo na maji.

Ustadi wa kubeba umethibitishwa pia na utafiti wa karibuni. Mwaka 1986, jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kipajini. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, nishati iliyotumika nayo ilianza kupanda. Uzoefu, basi, humfaa mchukuzi kwa kiasi fulani, na baada ya hapo uzito hudai haki yake.

Kinga nyingine ya mpagazi ilikuwa sauti yake. Siku ya kugawa mizigo ilikuwa siku ya makelele: kila mtu aliinua, akapima, akakataa, akabadilisha, kwa kuwa mzigo aliokubali ungekuwa wake hadi mwisho wa safari. Msafara ulioongezewa mizigo au kupunjwa posho uligoma, au wapagazi walitoroka usiku. Mfanyabiashara aliyejulikana kwa ukatili alipata shida ya kupata watu msimu uliofuata. Uzito wa frasila mbili ulikuwa matokeo ya mapatano ya miaka mingi baina ya wenye mali na wenye mabega.

Si wote waliokuwa na sauti hiyo. Watumwa waliotekwa bara walibebeshwa pembe njia nzima hadi pwani, na aliyeshindwa kuendelea aliweza kuachwa au kuuawa. Bandarini nako, watumwa wengi wa Unguja na Mombasa walikodishwa kwa kutwa na kugawana ujira na mabwana wao. Neno kibarua, barua ndogo, linahusishwa na hati waliyopewa ili wakafanye kazi kwa mwingine.

Reli na vita

Reli ndiyo iliyomaliza misafara mirefu. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ile ya Wajerumani iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pembeni mwa reli, hata hivyo, mzigo ulibaki kichwani, na serikali za kikoloni zilizoea kuwalazimisha wanavijiji kubeba vifaa vya maofisa.

Ulazimishaji huo ulifikia kilele katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mapigano ya Afrika Mashariki, kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, yalipiganwa katika nchi isiyo na barabara za kutosha, na kila risasi na kila kilo ya unga ilihitaji mtu wa kuibeba. Kenya, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume wachukuliwe kwa nguvu. Pande zote kwa jumla zilitumia wachukuzi wanaokadiriwa kuzidi milioni moja. Upande wa Waingereza pekee, waliokufa walizidi 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia.

Mzigo wa mchukuzi wa vita, kwa kawaida kilo 20 hadi 30, haukuuzidi ule wa Mnyamwezi. Kilichobadilika ni kila kitu kilichouzunguka. Vijana wa milimani walishushwa kwenye mabonde ya joto, wakalishwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, wakatembezwa kwenye matope ya masika, na hawakuwa na nafasi ya kukataa mzigo wala kuondoka. Misuli iliyochoka na mwili usio na chakula hushindwa kuukinga uti, na mtu anayeteleza kwenye tope akiwa na sanduku kichwani hujipinda ghafla, jambo ambalo diski hulistahimili kwa shida hata katika mwili wenye afya. Takwimu zilizobaki zinahesabu vifo. Waliorudi nyumbani na viuno visivyoweza tena kulima hawakuwekewa safu katika daftari.

Kikosi cha wachukuzi cha Waingereza kiliacha jina lake mijini. Matamshi ya Kiingereza ya "Carrier Corps" yaligeuka Kariakoo, mahali walipopiga kambi Dar es Salaam baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, na Kariokor huko Nairobi.

Mwaka 1930, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 29 dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Kifungu cha 18 kilitaka uchukuzi wa lazima ukomeshwe haraka iwezekanavyo. Kabla ya kukomeshwa, serikali zilitakiwa kuweka kanuni za uzito wa juu wa mzigo, umbali wa safari, idadi ya siku katika mwezi, na kumthibitisha mchukuzi kiafya kabla ya kupewa kazi. Mambo ambayo wapagazi wa Unyamwezi waliyapigania kwa mdomo siku ya kugawa mizigo sasa yaliandikwa katika sheria ya kimataifa.

Makuli wa bandarini

Baada ya misafara, kazi ya kubeba ilijikusanya bandarini. Kabla ya gati za maji marefu, meli zilitia nanga mbali na shehena ikashushwa kwenye matishari. Kila gunia liliinuliwa mara kadhaa: kutoka ngama ya meli, kutoka tishari, kutoka sakafu ya ghala, hadi behewani. Magunia ya nafaka yalikuwa ya ratili 200, yaani kilo 90 hivi, karibu mara tatu ya mzigo wa mpagazi. Ni kweli kwamba kuli alitembea hatua chache tu, lakini aliinua mara nyingi, na imeonekana hapo juu kwamba kuinua ndiko kunakoumiza.

Ajira ilikuwa ya kutwa. Asubuhi watu walikusanyika, serahangi, yaani msimamizi wa makuli, akachagua wenye nguvu, wengine wakarudi nyumbani. Mpango huu uliwafaa baadhi ya makuli pia, maana mtu aliweza kufanya kazi siku chache na kupumzika nyingine. Hata hivyo ulificha maumivu. Aliyetegua kiuno Jumatatu hakuchaguliwa Jumanne, na kwa kuwa hakuwa na mwajiri wa kudumu, hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Makuli walijibu kwa pamoja. Mombasa waligoma mwaka 1934 na 1939, na Januari 1947 mgomo wa bandarini na wa reli ukaenea mji mzima, ambapo Chege Kibachia alijitokeza kuwa kiongozi wa wafanyakazi. Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na Unguja mwaka 1948. Madai makuu yalikuwa mshahara na ugumu wa maisha, lakini nyuma yake lilikuwapo suala la hadhi ya ajira yenyewe. Katika miaka ya 1950 waajiri wa Mombasa waliwaandikisha makuli na kuanza kuwahamishia kwenye ajira ya kudumu. Mfanyakazi aliyeandikishwa alijulikana kwa jina, na jeraha lake likawa na mahali pa kuandikwa. Kwa upande mwingine, waajiri walitarajia nidhamu na kasi zaidi, na uhuru wa kibarua wa kupumzika siku aliyoichagua ukatoweka.

Mashine na mitikisiko

Winchi, foklifti, na kisha makontena yaliyoenea katika miaka ya 1970 na 1980, yaliondoa sehemu kubwa ya kunyanyua kwa mikono bandarini. Idadi ya makuli ilipungua, na hatari ikahamia kwa waliokaa kwenye usukani. Mwaka 1975, Jennifer Kelsey na mwenzake walieleza kwamba huko Connecticut, Marekani, wanaume walioendesha magari kwa nusu au zaidi ya muda wao wa kazi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kupata diski iliyotokeza. Nchini Finland, Markku Heliövaara alionyesha mwaka 1987 kwamba madereva na wafanyakazi wa viwandani walilazwa kwa ugonjwa wa diski mara nyingi kuliko wenye kazi za kitaalamu. Mtikisiko wa kiti kwa saa nyingi huichosha diski bila gunia lolote kuinuliwa, na dereva wa lori anayeshuka kupakua mara tu baada ya safari ndefu hukusanya hatari zote mbili.

Utafiti wa baadaye uliongeza mambo mawili. Kwanza, uchunguzi wa mapacha wa Finland uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba urithi una nafasi kubwa katika kuchakaa kwa diski, kiasi kwamba watu wawili wenye kazi moja wanaweza kuzeeka na viuno tofauti. Pili, katika uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha ndege cha Boeing, uliochapishwa mwaka 1991, wale wasioridhika na kazi yao waliripoti maumivu ya mgongo zaidi ya wenzao. Matokeo haya hayaondoi lawama kwenye gunia. Yanaeleza kwamba mwili, mzigo na mahusiano ya kazini hufanya kazi pamoja. Urithi hauwezi kubadilishwa, ilhali uzito wa mfuko na utaratibu wa kazi vinaweza kubadilishwa.

Lumbesa na sheria

Mzigo ulioondolewa bandarini haukutoweka. Ulihamia masokoni. Pale Kariakoo, mahali palipopewa jina la wachukuzi wa vita, jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na eneo hilo likawa kitovu cha biashara cha Dar es Salaam. Magunia hushushwa huko kwa mabega na kusambazwa kwa mikokoteni na maguta, kama inavyofanyika Kongowea, Mombasa, na katika soko la Wakulima, Nairobi. Malipo ni kwa mzigo. Anayelipwa hivyo hukaza mwendo, hubeba zaidi ya uwezo wake, na haoni faida ya kupumzika.

Hatari ya pekee ya masoko haya ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu. Mlanguzi hununua kwa gunia badala ya kilo, na kila kilo ya ziada ni faida yake. Mkulima hupunjwa bei na mchukuzi hupunjwa kiuno. Tanzania inaikataza lumbesa chini ya Sheria ya Vipimo, ambayo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50. Sheria hizi zilitungwa hasa kumlinda mkulima, lakini athari yake kubwa iko mgongoni mwa anayepakua lori.

Viwango vya kimataifa viko chini zaidi. Mkataba Na. 127 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1967 unakataza mfanyakazi kubebeshwa mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake, na Pendekezo Na. 128 la mwaka huohuo linataka hatua za haraka zichukuliwe pale ambapo mwanamume mtu mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55. Kanuni ya kunyanyua ya taasisi ya NIOSH ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23 katika mazingira bora kabisa, kisha hupunguza kila mzigo unapokuwa mbali na mwili, chini sana, au unaponyanyuliwa mara nyingi. Ujerumani iliuingiza ugonjwa wa diski za kiuno utokanao na kunyanyua kwa miaka mingi katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 1993. Gunia halali la kilo 100 la Tanzania linakaribia mara mbili ya kikomo cha mwaka 1967, na mfuko wa kawaida wa saruji wa kilo 50 ni zaidi ya mara mbili ya kipimo cha NIOSH.

Fidia nayo ina mipaka. Kenya ilitunga sheria ya mafao ya majeraha ya kazini mwaka 2007, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania ulianza kazi mwaka 2015. Mifumo hii imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Mbeba mizigo wa sokoni hufanya kazi kwa wafanyabiashara kumi kwa siku moja na hakuna hata mmoja anayejitambua kuwa mwajiri wake, kama ilivyokuwa kwa kibarua wa Kilindini, bandari ya Mombasa, kabla ya kuandikishwa.

Njia za kupunguza hatari zinafahamika na hazidai mitambo mikubwa: kuuza kwa kilo ili kujaza kupita kiasi kusilete faida, kupunguza uzito wa mfuko tangu kiwandani na shambani, kubeba wawiliwawili mzigo usiogawanyika, na kuwaunga wachukuzi katika vikundi vinavyoweza kukataa gunia lililozidi na kuchangia matibabu ya mwenzao. Jukwaa la kupakulia lenye kimo cha kiuno lina kazi ileile ya fito zenye panda za mpagazi wa Unyamwezi: mzigo husubiri juu, na mchukuzi hauinui tena kutoka chini.